Chombo kipi kibebe siRNA: lipidi, GalNAc, kitosani au tope?

Mpwa wangu alinikuta barazani Mikindani saa kumi jioni, maji yamekupwa, ngalawa zimelala ubavu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mama." Akavua viatu, akakaa mkekani na kufungua daftari. Ameanza shahada ya pili ya bayoteknolojia, na msimamizi wake amempa miezi miwili aje na mada ya utafiti. Dawa za RNA zinazonyamazisha jeni ameshazipenda. Lililomkwamisha ni kibebeo, yaani kile kinachoichukua RNA kutoka kwenye bomba la sindano hadi ndani ya seli. Ukurasa mzima alikuwa ameandika majina: lipidi, GalNAc, kitosani, PEI, dhahabu, eksosomu. "Mjomba, nichukue kipi?"

Kwetu mjomba ndiye huulizwa mambo mazito, kwa hiyo sikumjibu haraka. Kazi yangu ni famasia, na kabla ya kurudi Mtwara nilikaa maabara miaka miwili nikihangaika na chembe za kitosani. Tuliongea jioni ile na jioni mbili zilizofuata. Najua yupo mwingine Masasi, Newala au Lindi mjini mwenye swali hilohilo, ndiyo sababu nimeyaandika.

Kwanza, mzigo unashukia wapi

siRNA ni nyuzi mbili fupi za RNA zilizoshikana, kila uzi una nukleotidi 21 hivi. Ikishaingia ndani ya seli, protini iitwayo Argonaute 2 hubaki na uzi mmoja na kuutumia kusaka mRNA inayolingana nao, yaani ule ujumbe ambao jeni huutoa ili protini itengenezwe. Ujumbe ukipatikana, unakatwa. Jeni yenyewe haijaguswa, ila sauti yake haifiki popote. Andrew Fire na Craig Mello waliueleza unyamazishaji huu mwaka 1998 kwa kutumia minyoo midogo, wakapewa Nobel mwaka 2006. Mwaka 2001 kundi la Thomas Tuschl likaonyesha kwamba nyuzi fupi za namna hii zinafanya kazi hata kwenye seli za binadamu. Dawa ya kwanza ikaidhinishwa Marekani Agosti 2018. Hapo katikati ni miaka 17, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikwenda kwenye kutafuta chombo.

Ukiidunga siRNA tupu kwenye mshipa, vimeng'enya vya damu vinaanza kuikatakata, na figo zinaichuja kwenda kwenye mkojo kwa kuwa ni ndogo mno. Inayosalia imejaa chaji hasi, na utando wa seli hauipokei. Hata ikipata cha kuifikisha, seli huimeza ndani ya kifuko kiitwacho endosomu. Kifuko hicho huzidi kuwa na asidi kadiri muda unavyokwenda, kisha huungana na lisosomu, mahali ambapo seli husagia takataka zake. siRNA isiyotoka mapema husagwa humo. Mwaka 2013 watafiti waliofuatilia chembe za lipidi, yaani mafuta, kwenye seli na kwenye ini la panya walikuta ni asilimia 1 hadi 2 tu ya siRNA iliyofanikiwa kutoka kwenye kifuko. Kwa mtu wa pwani nasema hivi: chombo kimetia nanga salama, lakini shehena karibu yote imezama kabla ya kufika gatini.

Kwa hiyo kila kibebeo nakiuliza mambo matatu. Kinapokewa na seli ipi? Kinatokaje endosomu? Kitahifadhiwa wapi, na nani atakidunga? Hilo la tatu majarida ya sayansi hulipitia juujuu, kwa sababu waandishi wake wana umeme usiokatika na hospitali kila kona. Hapa kwetu lina uzito sawa na mawili ya mwanzo.

Jeni moja, vyombo viwili

Ni nadra kupata ulinganisho safi katika dawa, kwa sababu mara nyingi ugonjwa, jeni na chombo vyote hutofautiana. Hapa tumebahatika. Kampuni moja ya Marekani, Alnylam, ilitengeneza dawa mbili zinazonyamazisha jeni ileile, TTR, kwenye ini. Jeni hiyo ikiwa na hitilafu, protini yake hukunjika vibaya na kujilimbika kwenye mishipa ya fahamu na moyo. Patisiran, iliyoidhinishwa 2018, inasafiri ndani ya chembe za lipidi. Vutrisiran, iliyoidhinishwa 2022, imefungiwa sukari iitwayo GalNAc. Mpwa wangu nilimwambia afunge kwanza ukurasa wake wa majina, asome hizi mbili mpaka azijue.

Chembe ya lipidi ya patisiran ina vitu vinne: lipidi inayobadilisha chaji, fosfolipidi, kolesteroli, na lipidi yenye mkia wa PEG unaozuia chembe zisigandane. Ukubwa wake hauzidi nanomita 100. Ufundi wote umo kwenye ile ya kwanza. Kwenye damu, ambako pH, kile kipimo cha asidi, ni 7.4, karibu haina chaji, hivyo chembe hupita bila kugombana na seli. Ndani ya endosomu, asidi ikipanda, lipidi ile hupata chaji chanya, hujishikiza kwenye mafuta ya utando yenye chaji hasi na kuuvuruga, RNA ikapata upenyo. Na kwenda ini haikuelekezwa na mtu. Chembe ikiwa kwenye damu huvikwa protini ya mwili iitwayo ApoE, na seli za ini, ambazo kila siku hupokea mafuta yaliyovikwa ApoE, huichukua zikidhani ni mafuta ya kawaida.

GalNAc si chembe nano, yaani kifuko kidogo mno kama kile cha lipidi, nami sitaki msomaji achanganye. Ni vichwa vitatu vya sukari vilivyofungwa kwenye ncha ya siRNA yenyewe. Hakuna mfuko, hakuna mafuta. Seli za ini zina kipokezi kinachoikamata sukari hiyo, ziko na vipokezi hivyo kwa mamia ya maelfu kila seli, na kipokezi kikishamwaga mzigo ndani hurudi juu baada ya dakika chache kuchukua mwingine. Kwa kuwa RNA inasafiri bila kufunikwa, ilibidi ivishwe ngao za kikemia, kila nukleotidi imebadilishwa ili vimeng'enya visiitambue. Katika kutoka endosomu, GalNAc ni dhaifu kuliko lipidi. Ila ngao zile zinaifanya RNA idumu ndani ya vifuko wiki hata miezi, ikivuja kidogo kidogo, na hicho kidogo kinatosha. Naona hapo kuna akili kubwa: walioshindwa kuufungua mlango waliamua kumtengeneza mgeni anayeweza kusubiri.

Sasa tazama inavyokuwa kwa mgonjwa. Patisiran hutolewa kwa dripu kila wiki tatu, miligramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili, kwa takriban dakika 80. Saa moja kabla yake mgonjwa hupewa deksamethasoni ya mshipani, parasetamoli, na dawa mbili za kuzuia mzio, kwa sababu chembe za lipidi zinaweza kuuchokoza mwili. Dawa huchujwa kabla ya kuchanganywa, na mpira wa dripu lazima uwe wa aina isiyo na kilainishi cha DEHP. Vutrisiran ni sindano moja ya miligramu 25 chini ya ngozi kila miezi mitatu, bila dawa za kutanguliza.

Piga hesabu kwa mtu wa kilo 60. Patisiran ni miligramu 18 kila wiki tatu, safari 17 kwa mwaka, zaidi ya miligramu 300 za siRNA. Vutrisiran ni safari nne na miligramu 100. Zote mbili zinaishusha protini ya TTR kwa kiwango kikubwa, kwa hiyo tofauti unaiona kwenye kiti cha mgonjwa na kwenye nauli.

Halafu jokofu. Patisiran inataka nyuzi 2 hadi 8, na nje ya jokofu inavumilia siku 14 mradi joto lisivuke 25. Chumba kisicho na kiyoyozi Mtwara mwezi wa Desemba hakisubiri adhuhuri kuvuka 25. Vutrisiran inahifadhiwa kati ya 2 na 30, maana yake kabati la ndani lenye kivuli na kipimajoto ukutani linaweza kutosha sehemu kubwa ya mwaka. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi pale Somanga, magari yalilala njiani. Ukiwa na dawa ya kila wiki tatu inayosafiri na barafu, hapo umekosa dozi. Ukiwa na ya kila miezi mitatu isiyotaka barafu, unangoja barabara ifunguke.

Kwa shabaha iliyo kwenye ini, basi, uamuzi wangu hauna kusitasita: GalNAc. Soko limeamua vivyo hivyo. Givosiran ya 2019, lumasiran ya 2020, inclisiran na nedosiran zote zinatumia njia hii. Inclisiran ndiyo ninayoitazama kwa matumaini zaidi, kwa sababu haishughuliki na ugonjwa adimu. Inanyamazisha jeni iitwayo PCSK9 na kushusha kolesteroli mbaya kwa karibu nusu. Baada ya sindano ya kwanza na ya pili miezi mitatu baadaye, mgonjwa hudungwa mara mbili tu kwa mwaka, na haihitaji jokofu. Muuguzi wa zahanati anaweza kuidunga siku ileile anayopima presha. Bei ndiyo kikwazo. Ilipoingia sokoni Marekani, dozi moja iliorodheshwa kwa dola 3,250. Patisiran ilianza na bei ya orodha ya dola 450,000 kwa mwaka, namba ambayo mpwa wangu aliniomba niirudie.

Lakini asije mtu akadhani sukari peke yake inatosha. Kabla ya vutrisiran kulikuwa na revusiran, kampuni ileile, jeni ileile, GalNAc ileile. Ngao zake za kikemia zilikuwa hafifu, ikabidi itolewe miligramu 500 kila wiki. Oktoba 2016 jaribio lake lilisimamishwa baada ya vifo kuonekana vingi zaidi upande wa waliopewa dawa. Uchunguzi haukupata ushahidi wa wazi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, hata hivyo haikurudi tena. Ukilinganisha vibebeo, linganisha na RNA iliyomo. Miligramu 500 kwa wiki na miligramu 25 kwa miezi mitatu, wakati chombo ni kilekile, ni tofauti inayotokana na mzigo.

Pale lipidi inaposhika usukani

GalNAc inajua njia moja tu, ya ini, na haibebi mzigo mkubwa. Ukitaka kupeleka mRNA nzima yenye maelfu ya nukleotidi, haiwezekani kuivisha ngao kila mahali, kwa sababu seli lazima iisome. Hapo unahitaji mfuko wa kuifunika, na mfuko uliothibitika ni wa lipidi. Chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna zilitumia ukoo huohuo wa chembe. Wengi wetu tunaikumbuka ile ya Pfizer kwa baridi yake, nyuzi 60 hadi 90 chini ya sifuri, na tumebaki tukiamini kwamba kila chembe ya lipidi lazima igandishwe. Si hivyo. Patisiran hairuhusiwi kugandishwa kabisa. siRNA ni fupi na ngumu, mRNA ni ndefu na dhaifu, na baridi ile kali ilikuwa kwa ajili ya mRNA.

Faida nyingine ya lipidi ni kwamba unaweza kuichezea. Mwaka 2020 watafiti wa Texas walionyesha kwa panya kwamba ukiongeza lipidi yenye chaji chanya ya kudumu, chembe nyingi huelekea mapafuni, na ukiongeza yenye chaji hasi, huelekea bandama. Ni mlango mzuri kwa mwanafunzi mwenye maabara inayojiweza. Ila lipidi zinazobadilisha chaji ni ghali, nyingi zina hataza, na mashine ya kuchanganyia lipidi na RNA kwa mwendo sawasawa si kitu cha kuazima kwa jirani.

Mpwa wangu aliuliza kuhusu selimundu, na nilitegemea angeuliza. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nayo, na kwenye ukoo wetu hatuhitaji takwimu kuijua. Jeni ya kunyamazisha inafahamika: BCL11A, ile inayozima himoglobini anayokuwa nayo mtoto tumboni mwa mama. Ikinyamazishwa, himoglobini ile hurudi. Shida ni mahali. Seli zinazohusika ziko kwenye uboho wa mifupa, hazina kipokezi cha GalNAc, na chembe za lipidi zikidungwa huvutwa na ini kabla ya kufika huko. Pia siRNA hukaa kwa muda kisha huisha, wakati seli za damu huzaliwa kila siku. Waliofanikiwa kwa wagonjwa, Boston, waliitoa seli nje ya mwili, wakatumia virusi vilivyorekebishwa kuingiza maelekezo ya kudumu ya kuinyamazisha BCL11A, kisha wakairudisha baada ya mgonjwa kupewa dawa kali za kusafisha uboho. Kazi hiyo inataka hospitali kubwa mno. Mtu atakayepata kibebeo cha sindano ya kawaida kinachofika kwenye uboho atakuwa amewafanyia watu wetu jambo ambalo sina neno la kulipimia. Nilimwambia aiweke hiyo moyoni, ila asiichukue kwa shahada ya miaka miwili.

Ukiwa na maabara ndogo

Hapa ndipo nina la kusema kutoka kwenye mikono yangu.

Kitosani hutoka kwenye magamba ya kamba na kaa. Magamba huoshwa kwa asidi kuondoa chokaa, kwa magadi makali kuondoa protini, kisha huchemshwa tena kwenye magadi makali zaidi mpaka kitini igeuke kitosani. Pwani hii yote kuanzia Kilwa hadi Msimbati magamba hutupwa, hivyo kijana akisikia habari hii anaona fursa. Mimi niliiona pia. Unayeyusha unga wake kwenye asidi asetiki ya asilimia 1, maabara nzima inanuka siki, unaacha ikoroge usiku kucha. Asubuhi unapandisha pH hadi 5.5 hivi, unachanganya siRNA, unadondosha chumvi ya tripolifosfeti tone kwa tone. Maji yaliyokuwa meupe kama ya mvua yanapata wingu la buluu hafifu ukiyaweka mbele ya taa. Hizo ni chembe zako. Mashine yetu ilinisomea nanomita 150, safi, nikafurahi.

Kisha nikaziweka kwenye chakula cha seli chenye seramu, pH 7.4, nyuzi 37. Nusu saa haikupita, nikaona vipande vinaelea. Saa moja baadaye vimeshuka chini ya mrija kama machicha ya nazi. Seli nilizowekea zilikuwa nzima kabisa, na jeni niliyotaka kuinyamazisha ilikuwa inafanya kazi kama kawaida. Niliurudia mchakato ule miezi minne kabla sijakubali nilichokuwa nakiona.

Sababu yake ni ya kikemia, na inafundisha kuliko matokeo mazuri. Makundi ya amino ya kitosani hushika chaji chanya pH ikiwa chini ya 6.5 hivi. Ile lipidi ya patisiran nayo inabadilika karibu na 6.4. Namba zimekaribiana, hatima zimeachana. Lipidi ikipoteza chaji kwenye damu, mafuta yanayoizunguka bado yameifungia RNA ndani. Kitosani ikipoteza chaji, hakuna kingine cha kuishikilia RNA, na yenyewe haiyeyuki tena kwenye maji, basi inajikusanya na kuanguka. Kwa sindano ya mshipani, kitosani tupu siipendekezi. Hadi sasa hakuna dawa ya siRNA iliyoidhinishwa inayosafiri kwa kitosani. Puani na mapafuni ni habari nyingine, kwa sababu hunata kwenye ute, na huko ndiko nitamshauri mtu aielekeze. Ajue pia kwamba magamba ya msimu huu hayatampa kitosani sawa na ya msimu ujao. Urefu wa nyuzi na kiasi cha asetili kilichoondolewa hubadilika, na chembe hubadilika navyo.

PEI ni polima ya kiwandani inayotumika maabara tangu 1995. Ina chaji chanya nyingi kupita kiasi, inaingia seli kwa nguvu na inanyamazisha vizuri, kisha seli zinaanza kufa. Nunua kichupa kimoja kwa ajili ya kulinganisha na chembe zako, usiifanye mada.

Dhahabu inavutia. Chembe zake ni rahisi kutengeneza kwa ukubwa unaotaka, na ule wekundu wa divai unaotokea ghafla chupa ikichemka na sitrati ni kitu cha kuonyesha wanafunzi. Ila dhahabu haisagiki mwilini, hubaki kwenye ini na bandama, na mgonjwa wa sindano za kila mara anajilimbikizia. Imejaribiwa kwa wagonjwa wachache wa saratani ya ubongo, ambako hatari ya ugonjwa wenyewe inahalalisha mengi. Kwa presha au kolesteroli siioni.

Eksosomu ni vifuko ambavyo seli zenyewe hutoa, na mwaka 2011 watafiti wa Oxford walivitumia kupeleka siRNA kwenye ubongo wa panya. Wazo zuri sana. Lakini kuvikusanya kunahitaji mashine ya kuzungusha kwa nguvu mara 100,000 ya mvutano wa dunia, vinavyopatikana ni vichache, na njia ya umeme inayotumika kuviingizia siRNA huweza kuigandisha RNA pamoja hivi kwamba ukadhani imeingia kumbe imekaa nje. Kama maabara yako haina vifaa vya kuhakikisha hilo, utaandika jambo usilolijua.

Na shambani je?

Jioni ya tatu tulikuwa kwa dada yangu, nyuma ya nyumba mikorosho inatoa maua, na harufu ya salfa ya jirani inafika mpaka jikoni. Mpwa wangu akauliza kama RNA haiwezi kufanya kazi ya salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu wa mikorosho. Swali lile lilinifurahisha kuliko yote aliyoniuliza.

Mimea ina kibebeo chake. Mwaka 2017 kundi la Neena Mitter, Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, lilifunga RNA ya nyuzi mbili kwenye vibamba vyembamba vya magnesiamu na alumini vinavyofanana na tope la mfinyanzi. Chaji chanya ya vibamba huishika RNA. Unyevu na hewa ya kaboni juu ya jani huvimumunya polepole, RNA ikaachiliwa. RNA tupu huoshwa na maji mapema, iliyofungwa kwenye tope ilionekana juu ya jani hata siku 30, na mpulizo mmoja ulikinga mmea dhidi ya virusi kwa siku 20. Hapa hakuna mnyororo baridi wa chanjo, hakuna mgonjwa wa kumhofia, na kibebeo chenyewe huisha kuwa chumvi za kawaida.

Kabla ya kukimbilia tope, kuna jambo la kuuliza. Je, kuvu mwenyewe anaimeza RNA? Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba kuvu hawafanani. Botrytis anayeozesha matunda huimeza kwa wingi. Colletotrichum gloeosporioides hakuimeza kabisa, na huyo ni wa ukoo wa kuvu wanaoleta ugonjwa wa chule kwenye mikorosho yetu. Kwa adui asiyemeza, tope bora kuliko yote halisaidii. Upande wa wadudu kuna mfano wa kinyume. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya RNA dhidi ya mdudu wa viazi, nayo hupulizwa bila chembe za kuibeba, kwa sababu mdudu anakula jani na RNA inaingia naye tumboni. Mdudu aitwaye mbu wa mikorosho hatafuni jani, anafyonza utomvu. Si mfano wa kunakili bila kufikiri.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Ameacha kitosani, ameacha na lile tope kwa sasa. Msimamizi wake amekubali aanze na RNA tupu iliyotiwa rangi inayong'aa, aiweke juu ya ubwiri unga, aangalie kwa hadubini kama inaingia ndani ya kuvu au inabaki nje. Ikiingia, atalinganisha tupu na iliyofungwa kwenye tope, siku ya 1, ya 7 na ya 20. Ikikataa, atakuwa amepata jibu kwa gharama ndogo.

Tatizo ni kwamba ubwiri unga haukubali kuoteshwa kwenye sahani ya maabara. Unataka jani bichi lililo hai, tena changa. Kwa hiyo Jumamosi tunakwenda naye TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, kuulizia miche.